Tupeane uzoefu: hofu ya ghafla ikikuvamia, unajitulizaje?

Habari zenu wakuu. Nazungumzia ile hofu inayopanda bila sababu: moyo mbio, pumzi inakata, vidole vinakufa ganzi, unaona kabisa unakufa. Mimi ilinianza ndani ya mwendokasi, jioni, gari limejaa hadi mlangoni. Hospitali walipima moyo, presha, damu na tezi ya shingo, vyote vizima. (Usiruke hatua hii, si kila maumivu ya kifua ni hofu.) Daktari akanieleza kuwa ukipumua harakaharaka, kaboni dayoksaidi inapungua mno kwenye damu, ndiyo ganzi na kizunguzungu hicho. Mara nyingi hali hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka. Kulijua hilo tu kulinipa nguvu.

Natumia hesabu ya tano hadi moja: vitu 5 ninavyoviona, 4 ninavyovigusa, sauti 3, harufu 2, ladha 1. Lakini nataja kwa undani. Sisemi "kiti", nasema "kiti cha bluu, kimechanika pembeni, sponji imetokeza". Ukitaja juujuu, akili inarudi kwenye mapigo ya moyo. Wenzangu mnafanyaje?

*Mama Wawili:* Pole sana ndugu yangu. Mie hesabu hunichanganya zaidi. Natembea na ndimu kwenye mkoba, nakwaruza ganda kwa ukucha na kunusa. Nikiwa nyumbani, maji ya baridi usoni.

*Mtu wa Tanga:* Ndugu zangu walisema ni majini, nikasomewa dua, na dua ilinifariji. Ila shambulio lenyewe nalikata kwa pumzi: navuta kwa hesabu ya 4, natoa kwa 6. Fanyeni mazoezi mkiwa wazima, hofu ikishapanda hukumbuki kitu. Na kupumulia mfuko muache, mwenye pumu au ugonjwa wa moyo anaweza kudhurika.

*Bi Mdogo:* Anayepata ni mume wangu. Nilikuwa namwambia "tulia", anazidi. Sasa namshika mkono: "Nipo hapa. Kanyaga chini. Nisomee kile kibao cha duka." Anasoma huku anatetemeka, herufi kwa herufi, mpaka sauti inarudi.

*Mleta mada:* Bi Mdogo, ahsante, hiyo namtumia kaka yangu sasa hivi, maana yeye hunitikisa mabega. Kuna aliyepata tiba ya mazungumzo kwa mwanasaikolojia? Ilikwendaje?