Mshale kati ya herufi W na D kwenye kasha la mbao: je, ni kasha la rasheni?

Mjukuu wa Nansio

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa kusoma alama zilizopigwa kwa rangi nyeusi kwenye makasha mawili ya mbao yaliyokuwa katika ghala la marehemu babu yetu huko Nansio, Ukerewe. La kwanza lina mshale wa mistari mitatu, mfano wa unyayo wa kuku, kati ya herufi W na D, na chini yake pana mwaka 1943 na tarakimu 0-2-9. Ubavuni, kwa rangi iliyofifia kidogo, ipo mishale miwili ya namna hiyohiyo iliyoelekeana ncha kwa ncha. La pili lina mshale ndani ya herufi U. Wazee wanasema yalikuwa ya nyama ya kopo na biskuti za askari, na kwamba yaliachwa na Waingereza walipoiteka Mwanza kutoka kwa Wajerumani. Je, alama hizi zinaunga mkono maelezo hayo?

Mkusanyaji wa Bwiru

Ndugu Mjukuu, habari ya kutekwa kwa Mwanza iweke kando, kwa sababu Waingereza waliingia hapa Julai 1916, na kasha lako limeandikwa 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Mshale huo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, iliyotumika kwa karne kadhaa kabla ya vita hivyo, na sheria ya mwaka 1875 ilifanya kuwa kosa kuufuta ili kuficha kwamba mali ni ya serikali. Herufi W na D zinasimama kwa War Department, yaani Idara ya Vita. Nchi nyingine za himaya zilikuwa na mitindo yao: Kanada iliuweka mshale ndani ya herufi C, Australia kati ya herufi D mbili, na Muungano wa Afrika Kusini ndani ya U. Kasha lako la pili ni la huko kusini, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa vifaa vingi vya vita hivyo vilitoka Afrika Kusini.

Mishale miwili iliyoelekeana ndiyo muhimu zaidi kwako, ingawa watu wengi huipita bila kuitazama. Ilipigwa mali ilipoondolewa jeshini na kuuzwa kihalali. Kwa hiyo babu angeweza kulinunua kasha hilo kwa mfanyabiashara yeyote bila kuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) wala kuikaribia kambi.

Tarakimu 0-2-9 ni uzito wa Kiingereza: ya kwanza ni handredweti, yaani ratili (paundi) 112, ya pili ni robo zake, za ratili 28 kila moja, ya tatu ni ratili zilizosalia. Jumla ni ratili 65, takriban kilo 29 na nusu. Hata hivyo, mshale hutaja mwenye mali, hautaji kilichomo. Masanduku ya risasi yalipigwa alama hiyohiyo.

Mama Pasiansi

Samahani kwa kuingilia. Mimi ninalo kasha la karatasi ngumu lenye maandishi ya jeshi la Marekani, hilali nyeusi, na namba ya fungu 4162. Aliyeniuzia alisema hilali inaonyesha kuwa chakula kilichinjwa kwa taratibu za Kiislamu.

Mkusanyaji wa Bwiru

Hapana, mama. Katika jeshi la Marekani hilali hutambulisha shehena ya chakula, ili wapakiaji waitenge na mizigo mingine, na haihusiani na dini yoyote. Katika namba yako, tarakimu ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na tatu zinazofuata ni siku ya mwaka: siku ya 162 huangukia mwezi Juni. Muongo hautajwi, lakini kama maandishi yanataja milo iliyo tayari kuliwa, basi si 1974, kwani rasheni hizo zilianza kuchukua nafasi ya zile za makopo mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mjukuu wa Nansio

Nashukuru sana. Nimelitazama tena kasha la 1943 na kukuta ndani limezungushiwa bati lililolehemiwa, na vishikio vyake ni vya kamba. Je, hiyo ni dalili ya biskuti?

Fundi Igoma

Huenda, lakini bati lilitumika kuzuia unyevu, na baruti nayo huogopa unyevu. Tafuta ndani ya kifuniko mabaki ya karatasi ya onyo la vilipuzi. Ukiyakuta, hadithi ya biskuti imekwisha. Usitumie thina wala msasa, kwa sababu rangi ya zamani hutoka pamoja na uchafu. Pangusa kwa brashi laini iliyo kavu, kisha piga picha ukimulika tochi kutoka ubavuni, na utuwekee hapa.