Mashine ya soda ya mtumba: kompresa yanguruma kisha yazima, na ndani yanuka

baraza_la_shella
Salaam wadau. Nina mashine ya soda ya kutumbukiza sarafu, mtumba wa Marekani, iko barazani nyumbani hapa Shella, Malindi. Kibandiko cha ndani ya mlango chasema 115V, 60Hz, 10A, R134a (gesi ya kupoza) gramu 255. Naiendesha kwa transfoma ya volti 240 kwenda 110, VA 1500 (volti mara ampia, yaani nguvu inayoweza kubeba), na ekstensheni ya kawaida.

Nikiwasha, taa zawaka, kompresa yanguruma kama sekunde 5, halafu "tak", kimya. Baada ya dakika 2 au 3 yarudia vilevile. Fundi wa friji asema gesi imeisha, ataka kujaza. Ndani mna uvundo, sukari ya soda imeganda sakafuni, ukungu mweusi umejaa kwenye mpira wa mlango, na kondensa (koili inayotoa joto nje) ina unga mweupe kwenye mapezi yake, vile vibati vyembamba. Sarafu zetu zote inazitema. Nianzie wapi?

waya_mwekundu
Anza kwa kumzuia huyo fundi. Gesi ikipungua, kompresa huwaka na kuendelea kuzunguka, ila baridi haiji. Yako haianzi kabisa: yavuta stima nyingi, yapata moto, swichi ya kinga inaikata. Hiyo ndiyo "tak". Akitoboa bomba sasa ataingiza hewa na unyevu kwenye mfumo ambao huenda ni mzima, na hapo ndipo utakuwa na shida ya gesi kweli.

Ninaishuku transfoma. Mashine ya 10A kwa volti 110 ni VA 1100 ikiwa tayari yazunguka. Wakati wa kuanza kompresa huvuta mara nne hadi sita ya hapo kwa nukta moja, na VA 1500 haiwezi. Chukua multimita, pima volti kwenye plagi ya mashine sekunde ile inayonguruma. Ikishuka chini ya 95, umepata jibu. Ekstensheni nyembamba nayo hula volti, na upande wa 110 hula zaidi kwa sababu ampia ni mara mbili. Weka transfoma karibu na mashine, na waya wa milimita 2.5 za mraba.

Halafu chomoa kabisa, ngoja dakika 10, vua kifuniko cha ubavuni mwa kompresa. Kama kuna kapasita (kopo dogo linalohifadhi chaji) usiiguse miguu yake kabla ya kuipunguza chaji kwa rezista. Chomoa relei (swichi ndogo ya kuanzishia kompresa), itikise sikioni. Ikilialia kama njugu ndani, huenda imevunjika. Kisha pima pini tatu za kompresa: jozi moja iwe na omu ndogo, ya pili kubwa kidogo, ya tatu iwe jumla ya hizo mbili. Pima pia kila pini na bodi ya chuma baada ya kukwangua rangi kidogo. Pasiwe na mawasiliano yoyote. Yakiwepo, kompresa imekufa na usiiwashe tena.

baraza_la_shella
Nimepima. Volti 111 ikiwa imetulia, 83 ikinguruma. Relei yalialia. Pini: 1.2, 5.1 na 6.3. Kwa bodi hakuna kitu.

waya_mwekundu
1.2 na 5.1 ni 6.3, koili zako ni nzima. Badilisha relei pamoja na ile kinga, zinunue kwa kufuata namba ya modeli iliyo kwenye kompresa yenyewe, si kwa kukisia kwa macho. Na transfoma ya VA 3000.

kapasita_ya_barani
Nyote mmesahau hiyo 60Hz (mizunguko ya stima kwa sekunde). Transfoma hubadilisha volti tu, stima yetu inabaki 50Hz. Mota ya 115V, 60Hz ikilishwa 50Hz yataka volti kama 96 (115 × 50 ÷ 60). Ukiipa 110 au 115 chuma chake hushiba, yapata moto hata bila mzigo. Soma kibandiko cha kompresa, si cha mashine. Nyingi huandikwa mistari miwili, "115V 60Hz" na "100V 50Hz". Ukiuona mstari wa pili, tafuta transfoma yenye tapo (mahali pa kutolea stima) la volti 100 na uishi kwa amani. Usipouona, ni afadhali kubadilisha kompresa kwa ya 230V 50Hz, R134a, nguvu ileile ya kupoza. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye pampu ya vakyumu na mizani: draya mpya (kichujio kinachonyonya unyevu), vakyumu ya kutosha, kisha gesi kwa kupima gramu. Anayejaza kwa kushika bomba na kusikiliza baridi, mpe chai umuage. Gramu 255 ni za kompresa ya awali, kwa hiyo aanzie hapo na kuangalia presha. Baada ya hapo transfoma itabaki na kazi ya taa, feni na saketi tu, na VA 500 yatosha.

Feni pia zitazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita. Kwa joto letu la Februari hilo si dogo. Ya kondensa ningeibadilisha iwe ya 230V.

Na waya wa ardhi ufike kwenye bodi! Baraza lenye maji na sanduku la chuma linaloguswa na watoto bila kikata umeme cha miliampia 30, hapana.

mama_wa_sabuni
Nazungumzia uchafu, maana naona nyie mwapenda waya tu.

Uvundo hautoki sakafuni, hata kama sukari iko pale. Unatoka chini ya evapareta (koili ya baridi iliyo ndani), kwenye njia ya maji. Fuata mpira wa kutolea maji hadi kwenye trei iliyo karibu na kompresa: utakuta ute wa kahawia umeuziba. Uchomoe, sukuma maji moto kwa sindano kubwa ya plastiki mpaka yapite wazi. Ukiurudisha, hakikisha lile pindo lake limebaki na maji kidogo, ndilo linalozuia hewa ya nje yenye unyevu kuingia.

Sukari iliyoganda usiikwangue kwa kisu. Tandika matambara yaliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, ngoja nusu saa, itajiachia. Kisha sabuni ya vyombo, suuza, halafu bekin soda vijiko 2 vya mezani kwa lita moja kuondoa harufu. Mwisho Jik kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji baridi, pitisha kwenye plastiki, acha dakika 10, suuza. Jik na siki au dawa yoyote ya choo visikutane, hutoa gesi ya klorini. Na isiguse mapezi ya alumini hata tone.

Mpira wa mlango: sabuni na mswaki laini, kila mkunjo. Ukikauka, funga mlango ukiwa umebana karatasi, uivute. Ikitoka bila kukataa, pasha sehemu hiyo kwa mashine ya kukaushia nywele na uuvute mpira upate umbo. Ukiwa umepasuka, mpya tu.

Unga mweupe kwenye kondensa ni alumini iliyoliwa na chumvi ya bahari. Brashi laini kwa kufuata mapezi, kutoka juu kwenda chini, kisha maji ya mfereji au ya mvua yenye shinikizo dogo, ukiwa umefunika mota ya feni na viungo vya waya kwa nailoni. Maji ya kisima cha chumvi usitumie, utakuwa unaongeza kilekile unachotoa. Hapo baharini rudia kila miezi mitatu, na kabla ya kusi kuanza kuvuma igeuze mgongo usielekee upepo. Iachie sentimita 15 kutoka ukutani.

mkokoteni_wa_mokowe
Atakayeleta mashine kama hii Lamu: isimame wima kwenye mashua hadi gatini. Ikilazwa hata kidogo, isiwashwe kabla ya saa 24, mafuta ya kompresa yarudi chini.

chenji_hamna
Sarafu. Kifaa chako kimefundishwa senti za Marekani. Hupima kipenyo, unene na aina ya metali, kwa hiyo hakina kosa. Ama kipangwe upya na mwenye programu yake, ama ununue kilichopangwa kwa shilingi. Hakikisha kinajua toleo la 2018 (twiga 1, kifaru 5, simba 10, tembo 20) pamoja na zile za zamani zenye picha za marais, zote bado ni halali. Vibomba vya chenji navyo vilikatwa kwa kipenyo cha senti, kwa hiyo ukipanga upya programu peke yake chenji itakwama. Njia ya sarafu safisha kwa pamba na isopropili (spiriti ya kusafishia). Mafuta ya kulainisha usitie, yanashika vumbi na sarafu zagandana.

Kwa M-Pesa, angalia kama mashine ina plagi ya MDB (njia ya kuunganisha vifaa vya malipo) yenye pini 6. Ina volti za DC kama 34, kwa hiyo saketi ya volti 5 ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza. Zima stima kabla ya kuunganisha.

Jambo moja ambalo wengi hawaliangalii: safu zako zimepangwa kwa kopo la mililita 355, urefu milimita 122. Kopo la 330 lina upana uleule wa 66 lakini urefu ni 115. Ongeza kipande cha nyuma cha kujazia hiyo milimita 7, la sivyo makopo yatalala mshazari na kutoka mawili kwa bei ya moja.

mama_wa_sabuni
Usiijaze siku ileile. Iache tupu saa 24, na kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati. Ikitulia kati ya nyuzi 3 na 5, jaza nusu kwanza.