Kufunga pampu ya umeme ya mafuta kwenye Canter 4D33 ya volti 24: nyaya zipite wapi?

Mwenye Canter Iringa

Wakuu salaam. Nina Canter ya 4D33, injini ya lita 4.2, betri mbili, umeme volti 24. Nabeba saruji na bati kutoka Dar kuja Iringa. Tambarare haina neno. Tatizo ni mlima wa Kitonga. Nikiwa na mzigo, kona za katikati inaanza kukosa nguvu, inamisi, na mara nyingine inazima kabisa. Nikishuka nikapampu kwa mkono pale kwenye injekta pampu inawaka, inasogea kidogo, halafu inarudia. Chujio nimeshabadilisha.

Fundi anasema ile pampu ndogo ya kuvuta mafuta, iliyokaa ubavuni mwa injekta pampu, imechoka. Dawa yake ni kuongeza pampu ya umeme karibu na tenki. Nimenunua moja Gerezani, Dar, ni ndefu ya duara, imeandikwa 12V, presha 3 bar. Muuzaji kasema inaingia gari lolote. Fundi anataka achukue umeme katikati ya betri mbili apate 12, apitishe kwenye swichi ya dashibodi niwe nawasha nikifika mlimani. Wanaojua umeme wa magari, hii ni sawa? Gari hili ndilo linasomesha watoto, sitaki kubahatisha.

Mzee wa Mafinga

Funga tu mkuu. Nimeona wengi wameweka pampu na swichi na wanapiga kazi.

Fundi Umeme Ipogolo

Ndugu yangu, hiyo pampu usiifunge. Kama muuzaji bado anaipokea, irudishe.

Nianze na presha. Pampu ya 3 bar ni ya gari la petroli lenye injekta za umeme. Mfumo wako unataka mafuta yasukumwe kwa upole, psi 4 hadi 7 tu, chini ya nusu bar. Injekta pampu ya 4D33 ni ya mstari, na pampu ndogo ya ubavuni inaendeshwa na kemu iliyo ndani yake, mahali penye oili ya injini. Sasa chukua 3 bar usukumie pampu ndogo ambayo tayari imechoka: dizeli itapenya kandokando ya kijiti chake iingie kwenye oili. Nje hutaona hata tone. Utakachoona ni oili kupanda kwenye kijiti cha kupimia, inakuwa nyepesi, inanuka dizeli, na kabla hujajua ni nini, beringi za krenki zimekwisha. Injini nzima inakufa kwa ajili ya pampu ya bei rahisi.

La pili ni hiyo 12 ya katikati ya betri. Hili linanisumbua roho kwa sababu nalikuta karibu kila Canter na Fuso inayoletwa kwangu, kwa ajili ya redio, kwa ajili ya kuchaji simu, sasa na pampu. Betri zako zimeungwa mfululizo, na oltaneta inazichaji kama kitu kimoja, karibu volti 28. Haijui kwamba moja imetumika zaidi ya mwenzake. Ile unayoinyonya inabaki na njaa, ile nyingine inashiba kupita kiasi hadi inachemsha maji. Baada ya muda unanunua zote mbili na kulaumu aliyekuuzia. Pima leo kila betri peke yake injini ikiwa inazunguka. Zikipishana sana, tafuta nani ameshaiba 12 hapo katikati. Pampu ya volti 24 zipo, ulizia.

Lakini hata kabla ya kununua, thibitisha kwamba ni pampu ndogo kweli. Dalili ulizotaja zinaweza kuwa za vitu vingine vya bei ndogo zaidi. Gari likizima mlimani, fungua kifuniko cha tenki usikilize. Likivuta pumzi kwa nguvu, tundu la hewa limeziba. Kisha fungua bolti yenye tundu pale mafuta yanapoingilia kwenye pampu ndogo. Ndani yake huwa kuna kichujio kidogo cha wavu ambacho mafundi wengi hawakigusi, wanabadilisha chujio kubwa na kuondoka. Kisha angalia mipira yote kutoka tenki hadi hapo. Upande wa kuvuta hauvujishi mafuta nje, unavuta upepo kuingia ndani, kwa hiyo mpira uliopasuka unaweza kuwa mkavu kabisa na wewe ukaona uko salama. Weka kipande cha mpira wa kuonyesha ndani, ongeza moto gari likiwa limesimama, uone kama mapovu yanapita.

Kipimo cha mwisho ndicho ninachokiamini kuliko vyote: dumu safi la dizeli, lifungwe imara mbali na ekzosi, mpira mfupi kutoka humo moja kwa moja hadi pampu ndogo. Ukipanda mlima na mzigo na nguvu ziko pale pale, pampu yako haina kosa. Kosa liko kati yake na tenki.

Kijana wa Gereji

Fundi shikamoo. Nimeelewa presha na volti. Ila akipata ya volti 24 yenye presha ndogo, kwa nini asipitishe kwenye swichi ya dashibodi? Haili umeme mwingi hiyo. Wengine huweka rilei, ile swichi inayovutwa na umeme, ya nini?

Fundi Umeme Ipogolo

Marahaba mdogo wangu. Kwa ampea ni kweli, pampu ndogo ya volti 24 swichi nzuri inaibeba. Rilei siiweki kwa ajili ya ampea. Naiweka ili pampu ijizime yenyewe injini inapokufa. Kitonga unaijua. Gari likiegemea ukingo au likalala ubavu, mpira wa mafuta ukachomoka, dereva amebanwa au amezimia, nani atafikia swichi? Pampu inaendelea kumwaga dizeli juu ya ekzosi ya moto na nyaya zilizokatika. Pampu inayozungushwa na injini husimama na injini. Ya umeme haisimami mpaka wewe uifundishe.

Ninavyofunga ni hivi. Waya wa chanya unatoka kwenye betri, na fyuzi inakaa hapo hapo karibu na betri, isizidi sentimita 20. Watu huweka fyuzi karibu na pampu wakidhani inailinda pampu. Fyuzi inalinda waya. Ukikwaruzwa na chasisi sehemu isiyo na fyuzi mbele yake, utawaka wote hadi kwenye tenki. Pampu inayokula ampea 2, fyuzi ya 5 inatosha. Baada ya fyuzi unaingia rilei mguu namba 30 (namba zimeandikwa kwenye rilei), unatokea 87 kwenda pampu. Namba 86 na 85 ni za koili inayovuta rilei. Namba 86 inapata umeme unaokuja funguo ikiwa imewashwa, nayo iwe na fyuzi yake. Namba 85 ndiyo yenye siri: usiipeleke bodi, yaani hasi, moja kwa moja. Ipitishe kwenye swichi ya presha ya oili.

Hapo uwe macho. Swichi ya oili ya taa nyekundu ya dashibodi hufanya kazi kinyume: presha isipokuwepo inaunganisha na bodi, ikipanda inaachia. Ukiitumia hiyo kwenye 85, pampu itafanya kazi injini ikiwa imezima, na pampu itazima pale injini inapowaka. Wapo wanaogeuza kwa kutumia 87a, mguu unaotoa umeme rilei ikiwa imelala. Mimi nakataa, kwa sababu siku waya wa swichi ukikatika rilei inaachia na pampu inabaki inasukuma. Nunua swichi nyingine ambayo inaunganisha presha ikiwepo, weka kiungo cha T pale ilipo ya zamani, taa yako ibaki. Kwa mpangilio huu kitu chochote kikikatika, pampu inazima. Sambamba na swichi hiyo weka kitufe cha kubonyeza kinachorudi chenyewe, kutoka 85 kwenda bodi. Kazi yake ni kutoa upepo baada ya kubadilisha chujio, basi.

Rilei iwe ya volti 24. Ya 12 koili yake itaungua. Na usiamini umbo la rilei, zinafanana. Ya miguu mitano kuna yenye 87a katikati, ambayo ina umeme rilei ikiwa imelala, na kuna yenye 87 mbili. Soma namba kwenye mgongo, au pima kwa mita kabla ya kufunga.

Waya tumia wa milimita za mraba 2.5. Kwa umeme pekee hata 1.5 unatosha, maana shaba ya 2.5 ina ukinzani wa kama omu 0.007 kwa mita, na kwenye Canter betri na tenki haziko mbali. Nachukua mnene kwa sababu ya mtikisiko. Kinachoua pampu ni maungio. Kusokota na kuzungusha tepu chini ya gari, kwa matope na maji, ni kazi ya kurudia. Bana kwa vichwa vya kubana, lehemu, vika mpira wa kusinyaa kwa joto. Waya wa hasi kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka grisi. Pampu ikifanya kazi, weka mita kati ya hasi ya betri na hasi ya pampu. Ukisoma zaidi ya volti 0.3, rudia kukwangua.

Msafiri wa Voi

Habari zenu ndugu, niko upande wa Kenya. Mimi yangu nimepata ishara kutoka oltaneta, ule waya wa taa ya chaji, badala ya swichi ya oili. Injini ikizima rilei inaachia. Hakuna haja ya kufungua injini kuweka T.

Fundi Umeme Ipogolo

Inafanya kazi ndugu, nimeshaona. Ubaya wake ni kwamba mkanda ukikatika au oltaneta ikifa, pampu nayo inaondoka siku hiyo hiyo. Tena koili ya rilei inakula umeme wa taa ya chaji, oltaneta nyingine zinachelewa kuamka. Ukiwa mbali na duka la swichi za oili, ni bora hiyo kuliko swichi ya mkono.

Mwenye Canter Iringa

Wakuu, nimerudi. Fundi shikamoo na asante sana. Nimefungua ile bolti, wavu umejaa kutu na uchafu mweusi wa utelezi, mafuta yalikuwa yanapita kwa shida. Mpira wa juu ya tenki nao umekauka, ukiukunja unaonyesha nyufa. Vyote nimebadilisha. Kwa dumu na bila dumu sasa naona sawa, ila mlima sijaupanda na mzigo kamili. Pampu ya 12 nimeirudisha, nikaongeza hela nimepata ya volti 24, ya mraba, psi 4 hadi 7. Kwa kuwa ninayo, niifunge au niiache? Na kama naifunga, ikae wapi?

Fundi Umeme Ipogolo

Marahaba. Panda kwanza na mzigo bila hiyo pampu. Ikipanda vizuri, iweke kwenye boksi la spea ufurahi. Kutu kwenye wavu inatoka tenkini, kwa hiyo shusha tenki lioshwe, la sivyo wavu utajaa tena.

Ukilazimika kuifunga, ikae karibu na tenki na chini kadiri inavyowezekana, ndani ya reli ya chasisi ambako mawe hayafiki, mbali na ekzosi, juu ya raba ili isipasuke kwa mtikisiko. Mshale uelekee kwenye injini. Kabla yake weka chujio cha wavu, la sivyo kutu itaimaliza kwanza yenyewe. Halafu kabla ya kufunga, vuta mafuta kwa mpira kupitia humo ikiwa imezimwa. Nyingi za mraba, zenye pistoni ndogo inayogongagonga, hupitisha mafuta hata zikiwa zimelala, kwa hiyo ikifa njiani pampu yako ya zamani itavuta kupitia humo na utafika nyumbani. Ikiwa inaziba, itabidi uweke njia ya pembeni yenye vali ya kuzuia mafuta kurudi. Na baada ya kuifunga, piga kijiti cha oili kila asubuhi kwa wiki chache. Ikipanda hata kidogo, chomoa fyuzi na uniletee gari.