Mlalamikie mkuu wa idara, ambaye ni rafiki wa huyo huyo anayekudhalilisha!

Asalaam aleikum wanajamvi. Naandika nikiwa na hasira na sitoomba radhi kwa hilo.

Mie ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kwenye chuo kimoja hapa Unguja, sitokitaja. Kwetu Pemba. Ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye karafuu, na nyengine nimezitoa makonyo kwa mikono yangu usiku, baba akizianika asubuhi juu ya majamvi. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanambia "si uache chuo tu". Siachi.

Msimamizi wangu wa utafiti aliniita ofisini kwake Jumamosi mchana, eti siku za kazi hana nafasi. Jengo zima kimya. Nilipoingia akainuka akafunga mlango, akavuta kiti chake akakileta upande wangu wa meza mpaka magoti yakagusana. Kazi yangu ya kurasa 34, niliyoichapisha kwa pesa ya nauli, hakuifungua. Aliweka simu yake juu yake. Akaniuliza nakaa na nani, mchumba ninaye au sina, na kwa nini "watoto wa Pemba mnajifanya wagumu". Kisha akashika ncha ya mtandio wangu, akawa anaizungusha kwenye kidole huku anazungumza habari ya alama.

Nikainuka nikatoka. Kazi niliiacha pale pale mezani. Tokea siku hiyo ujumbe wangu anausoma hajibu, na bila ya saini yake siwezi kwenda kukusanya data.

Nikaenda dawati la jinsia la chuo. Dada niliyemkuta alinipokea vizuri, nasema haki yake. Lakini akanambia utaratibu ni lazima barua ipitie kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara ofisi yake iko ukuta kwa ukuta na ya yule bwana, wanaswali pamoja, wanakwenda maharusini gari moja. Aliisoma barua mbele yangu, akaikunja mara nne, akaniuliza: "Siku ile ulivaa nini?"

Buibui! Nilivaa buibui na mtandio kama alivyoniona nao pale pale mbele yake. Na hata ningevaa kitu chengine, swali gani hilo la kumuuliza mtoto wa watu?

Halafu likaja lile neno. "Mwanangu, hili jambo muhali. Yule ana mke na watoto. Funika kombe mwanaharamu apite."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Mwanaharamu huyo hapiti! Kila mwaka analetewa darasa jipya. Nimeshazungumza na dada wawili walionitangulia, wote wanaijua ile Jumamosi, na kile kiti wanakijua. Mmoja alibadilisha mada ya utafiti mara mbili ili apate msimamizi mwengine, akachelewa kumaliza mwaka mzima. Muhali, yaani kuoneana haya, wa yule bwana unatizamwa, wa kwetu nani anautizama? Mamangu hana muhali? Baba nimwambie karafuu zake zimelipia nini?

Tafadhali msinijibu "nenda TAKUKURU, kifungu cha 25". Najua hicho kifungu. Ni cha sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 na kinamgusa mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe haki yako, lakini ile ni sheria ya Bara. Huku kwetu rushwa ni kazi ya ZAECA, na huko nitakwenda. Mahakama maalumu ya udhalilishaji tunayo tokea 2021, na kituo cha Mkono kwa Mkono, cha kuwahudumia waliodhalilishwa, kipo hospitali ya Mnazi Mmoja. Siyadharau hayo. Lakini chumba kilichofungwa mlango ushahidi wake ni neno langu na neno lake, na mpaka vyombo vyote hivyo vimalize kazi mie nishakosa mahafali. Chuo kingeweza kulimaliza langu kwa siku moja: nibadilishiwe msimamizi bila ya kuhitaji saini ya ninayemlalamikia, na barua isikanyage idarani. Na kuonana ofisini Jumamosi, mtu mmoja mmoja, kupigwe marufuku. Hilo linataka bajeti gani?

Na nyie wanaume wa darasa langu, maana najua mnapita humu. Sijui nani aliwapa habari, lakini sauti mlizotumiana kwenye kundi la darasa nimezisikia. "Kapewa alama mkononi kazikataa." Mna dada zenu skuli. Mmoja wenu tu, kiongozi wa darasa, ndiye aliyenifuata kunambia nikiitwa tena atanisindikiza na kukaa mlangoni. Allah amlipe.

Wiki mbili baadaye nikaulizia barua, nikajibiwa haionekani. Nakala ninayo, muhuri wa kupokelewa haina, kwa hiyo kwao ni kama sikuandika. Juzi Jumatatu nimepeleka ya pili, safari hii kwa makamu mkuu wa chuo moja kwa moja. Karani akanambia niiache tu atanigongea baadaye. Nikakaa kwenye benchi lao kuanzia saa tatu mpaka saa saba na nusu. Nimetoka pale na muhuri.

Nani humu keshawahi kubadilishiwa msimamizi kwa njia hii? Nataka kujua alipita wapi.