Puto halikupaa Kapadokia, pesa zetu ndizo zilizopaa

Wadau, salamu nitazitoa baadaye. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ina risiti.

Hapa Mombasa kuna wakala wa safari ambaye jina simtaji kwa sasa, kwa sababu jambo hili naliandalia faili. Kazi yake ni kuzunguka kwenye vyama vya kina mama na kompyuta yake kwapani. Anakaa kwenye kochi lako, anakunywa chai yako, anakufungulia picha za yale maputo makubwa ya kupaa na watu, yametanda alfajiri juu ya minara ya mawe, kisha anakutajia bei "ya leo tu". Chama chetu kilichanga kidogo kidogo mpaka zikafika. Kuna mama mle anauza mahamri na mbaazi asubuhi Kibokoni, na hakuwahi kukosa zamu yake ya kuchanga hata mara moja.

Safari tuliyouziwa, ya kwenda Kapadokia kule Uturuki, iliitwa "Kapadokia kamili". Kulala kwenye hoteli ya pango. Kushuka mji wa chini ya ardhi, Derinkuyu. Kutembea bonde la Ihlara. Makanisa ya kuchongwa ya Göreme. Halafu puto. Puto halikuwa ndani ya bei, lilitozwa kando: shilingi 32,000 kwa kila kichwa, na lina mstari wake peke yake kwenye risiti yenye mhuri. Mstari huo muukumbuke.

Nianze na hoteli. Göreme kuna nyumba za mwamba kweli, watu waliishi humo kizazi baada ya kizazi, na leo nyingi ni hoteli. Sisi tulishushwa mjini Nevşehir, mwendo wa gari kutoka huko, kwenye jengo la ghorofa la saruji kama yale ya Majengo au Buxton. Ndani ukuta mmoja umebandikwa karatasi yenye picha ya mawe. Karatasi! Pembeni imeanza kubanduka, nikaivuta kidogo kwa ukucha, nikaona rangi ya krimu chini yake. Nilipompigia simu wakala akasema, "Dadangu, hiyo ni hoteli ya mtindo wa pango." Mtindo!

Asubuhi yake tukapandishwa basi dogo. Mwongozaji kijana mpole, Kiingereza safi, lakini muda si wake, ni wa ratiba aliyopewa. Kituo cha kwanza, kiwanda cha mazulia. Tukatiliwa chai ya tufaha, mlango ukafungwa, wakaanza kutukunjulia mazulia ya hariri miguuni, moja juu ya jingine, bei inashuka kila ukitikisa kichwa. Kituo cha pili, duka la vito vya oniksi, jiwe la mapambo. Cha tatu ndicho kilichonimaliza: duka la majaketi ya ngozi, na kabla ya kununua unakalishwa kwenye viti utazame maonyesho ya mitindo, wasichana na wavulana wanapita na majaketi, muziki juu. Sisi watu wa Mombasa! Jaketi la ngozi nilivae wapi, kwenye foleni ya feri ya Likoni saa saba mchana? Bi mkubwa mmoja katika kikundi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, haya mapango yako ndani ya duka hili?" Sikuwa na la kumjibu.

Asiyejua mchezo huu ajue leo. Kila basi linaloegeshwa pale, mwenye duka anatoa kamisheni. Ndiyo maana safari ikaonekana ya bei nafuu kule Mombasa, bei iliyobaki tumeilipa kwa saa zetu. Muda wetu wa kuona mawe umeuzwa kwa muuza mazulia, bila sisi kuulizwa.

Derinkuyu tulifika walinzi wanafunga mlango. Wanafunga! Mji wa chini ya ardhi unaoshuka takriban mita 85, ghorofa juu ya ghorofa, una mazizi, visima, ghala, mashimo ya kupitisha hewa kutoka juu hadi chini kabisa, na milango ya mawe ya duara inayoviringishwa kuziba njia adui akija. Wanasema unaweza kuwa ulihifadhi watu 20,000 pamoja na mifugo yao. Ulisahaulika, ukaja kugunduliwa tena mwaka 1963, na inasimuliwa kwamba mtu alikuwa akibomoa ukuta nyumbani kwake akakuta chumba nyuma yake. Mimi haya niliyasoma mwenyewe kabla ya safari, na nilichokiona ni kibanda cha tiketi kimefungwa. Wanawake waliovuka bahari na jangwa kufika pale wakapigwa picha na kibanda cha tiketi.

Ihlara vilevile. Bonde la kilomita kama 14, mto Melendiz unapita chini, makanisa yamechongwa kwenye kuta za korongo. Kushuka kuna ngazi zaidi ya mia tatu, na nakubali si kila mama angeweza, magoti ni magoti. Lakini hatukupewa nafasi ya kuchagua. Basi likasimama juu, "dakika kumi za picha", tukaondoka. Sababu? Chakula cha mchana kilikuwa kwenye mkahawa wa rafiki wa duka la oniksi.

Göreme pale kwenye jumba la makumbusho la wazi ndiko peke yake tulikoingia kweli, na hapo lazima niseme ukweli wangu: Kapadokia haina kosa. Volkeno za zamani, Erciyes na Hasan Dağı na wenzao, zilimwaga majivu mamilioni ya miaka iliyopita, majivu yakagandana yakawa jiwe laini, juu yake pakakaa tabaka gumu la basalti. Mvua na upepo vikala lile laini, pale penye kofia ngumu mnara ukabaki umesimama. Ndiyo ile minara unayoiona kwenye picha, kila mmoja na kofia yake ya jiwe jeusi. Na kwa vile jiwe ni laini kulichonga, watu walijitengenezea humo nyumba, makanisa, hata vibanda vya njiwa ili wapate mbolea ya kinyesi chao. Kwa mbali unamwona Erciyes mwenyewe, mita 3,917, kichwa cheupe kwa theluji.

Kuna chumba mle walichokuwa wakilia chakula watawa. Meza ndefu na mabenchi yake, vyote vimechongwa kwenye mwamba uleule, hakuna kilicholetwa kutoka nje. Sakafu, meza, kiti, ukuta, jiwe moja. Ule upande wa kukalia umelainika, na dari ina weusi wa moshi. Mama mmoja alisimama hapo akawa hasemi kitu, na huyo ni mtu ambaye hanyamazi hata msibani. Dakika chache tu, mwongozaji akapiga makofi: "Jamani, basi linasubiri."

Ile Kanisa la Giza, Karanlık Kilise, ina tiketi yake kando. Wakala alituapia kila tiketi imelipwa. Haikulipwa. Nikalipa mfukoni mwangu nikaingia mwenyewe, maana sikutoka Mombasa kuja kusoma vibao vya mlangoni. Picha za ukutani zina rangi nzito, buluu ya usiku na nyekundu ya udongo, na zimehifadhika kwa sababu dirisha ni dogo na mwanga ulioingia miaka yote hiyo ni mdogo. Baadhi ya nyuso zimekwanguliwa macho. Kupiga picha hairuhusiwi. Nilitoka nikamkuta mwongozaji ananisubiri na saa mkononi.

Sasa tuje kwenye puto, kiini cha uzi huu.

Mtu yeyote aliyelala Göreme hata usiku mmoja atakwambia puto huwekwa asubuhi ya kwanza. Kwa nini? Kwa sababu kupaa si uamuzi wa kampuni. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uturuki ndiyo inayopima upepo na kutoa ruhusa kabla ya jua kuchomoza: bendera ya kijani mnapaa, ya njano mnasubiri, nyekundu mnarudi kulala. Upepo ukikataa leo, unahamishiwa kesho. Wakala wetu, mzoefu wa miaka kwa maneno yake, aliliweka puto asubuhi ya mwisho, siku ya kuondoka. Ama hajui kazi yake, ama anaijua sana.

Tuliamshwa usiku wa manane, baridi ya kukata masikio, kina mama wamevaa buibui juu ya sweta juu ya leso. Bendera nyekundu. Sawa, hilo ni la Mungu na hakuna aliyenung'unika. Hata mimi nilisema afadhali chini salama kuliko juu na mashaka.

Tukiwa tunasubiri mizigo, nikamuuliza dada wa mapokezi tufanyeje kuhusu pesa. Akanishangaa. Akasema puto likizuiwa na mamlaka, kampuni ya puto ama inakuhamisha siku nyingine ama inarudisha pesa zote kwa aliyelipia. Akapiga simu mbele yangu. Kampuni ikathibitisha: malipo ya kikundi chetu yamerudishwa kwa wakala aliyetuwekea nafasi. Nikaomba waandike, wakaniandikia, ujumbe ninao, na tarehe inasomeka.

Nimefika Mombasa, nimeenda ofisini kwake mjini, ngazi zile za ghorofa ya pili zenye taa moja isiyowaka. Akanipokea vizuri, karibu dadangu, keti dadangu. Nikamweleza. Akainamisha kichwa kama aliyefiwa.

"Dadangu, upepo ni kazi ya Mungu. Masharti yanasema hali ya hewa ikiharibika hakuna kurudishiwa."

"Upepo ni kazi ya Mungu, kaka. Pesa ziko kwako au haziko?"

"Mambo ya kule yana utaratibu wake."

Nikamwekea simu mezani, ujumbe wa kampuni ya puto umefunguka. Akausoma. Akausoma tena. Akaniambia simu yake inaita, akatoka nje, na mimi nikakaa mle ndani nikitazama leseni yake ukutani, imewekwa kwenye fremu ya dhahabu, ya mwaka uliokwisha. Hakurudi. Msichana wa ofisi akaja kuniambia bosi ameenda benki.

Tangu siku hiyo, tiki za buluu tu. Kwenye grupu ameandika kwamba "kuna mteja mmoja anachafua jina la kampuni". Kisha akaweka tangazo la safari inayofuata. Kapadokia kamili, tena kwa picha zilezile za maputo.

Najua watakaokuja chini hapa kuniambia mlisaini masharti. Tulisaini, nimeyasoma upya. Yanasema hakuna kurudishiwa kwa sababu ya hali ya hewa. Hayasemi popote kwamba pesa zikirudi kutoka Uturuki zinakuwa zake. Hajapata hasara hata senti moja kwa upepo ule, amepata faida. Kampuni iliyotayarisha puto, rubani na gari la kutufuata imerudisha, yeye aliyekaa Mombasa ndiye anayebaki nazo. Nani kati yao alistahili kulalamika?

Na yule atakayesema mwachie Mungu, namheshimu, lakini Katiba ya 2010 ina kifungu cha 46 kuhusu haki za mtumiaji, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumwambia mteja hiki ni pango wakati ni saruji na karatasi. Isitoshe mwendesha safari yeyote anatakiwa awe na leseni hai chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Kwa hiyo naenda Mahakama ya Madai Madogo. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanasikilizwa huko, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Nimeshapiga nakala ya kila risiti, ujumbe wa kampuni ya puto, na picha ya ule ukuta wa karatasi na ukucha wangu umeonekana vizuri.

Ninachotaka kwenu ni kimoja. Kuna vikundi vingine vilivyopelekwa na mtu huyuhuyu, Nyali na Bamburi nimeshasikia. Kama puto lenu lilizuiwa na hamkurudishiwa, tazameni kwenye risiti ule mstari wa 32,000 na mhuri wa buluu wa mviringo, kisha mniandikie faragha. Msimtaje jina hapa, asije akapata pa kushika. Wale ambao chama chao kimealikwa kwenye safari inayofuata, ulizeni maswali matatu kabla ya kutoa hata shilingi: jina la hoteli na picha ya chumba chenyewe, maduka mangapi yako kwenye ratiba, na puto ni asubuhi ya ngapi. Akianza kuwaita dadangu, fungeni mikoba.

Nawe kaka, najua umo humu unasoma kwa jina la bandia. Kina mama wameniambia nikupe mpaka Ijumaa saa sita mchana. Uanze na wa mahamri.