Magemu ya historia kwa Kijapani: kila bwana ni "kōshaku", huu ni uzembe gani?

Wakuu, nimechoka. Nimelipa hela yangu kununua gemu la Ulaya ya zama za kati, nikaliweka kwa Kijapani maana ndiyo lugha ninayoisomea. Kwenye vyeo vya mabwana, watengenezaji wamelipua kazi kabisa.

"Duke", cheo cha juu kabisa cha mabwana, kwa Kijapani ni kōshaku. "Marquess", anayemfuata chini yake, naye ni kōshaku. Kwenye maandishi utawatofautisha, 公爵 na 侯爵, ila masikioni ni kitu kimoja. Sasa hawa jamaa wamewaweka mabwana wawili ukumbi mmoja, wanagombana kwa sauti, wote wanaitwa kōshaku tu! Nani kamsaliti nani? Wangetaja na eneo la kila mmoja, basi. Wajapani wenyewe husema "Edinburgh-kō", yaani Duke wa Edinburgh, na kila mtu anaelewa.

Shida ni kung'ang'ania orodha ya 1884. Mwaka huo serikali ya Japani ya enzi ya Meiji ilipanga vyeo vitano, kuanzia cha juu: kōshaku wawili hao, hakushaku, shishaku na danshaku. Waliopewa hawakuwa na ardhi ya kutawala. Maeneo ya madaimyo, wale mabwana wa zamani wa Japani waliotawala ardhi, yalishafutwa tangu 1871! Ilikuwa heshima ya ukoo, nayo ikafutwa 1947. Unaichukuaje ukambandike mtu wa karne ya 14 mwenye jeshi lake na ushuru wake?

Mtazameni mtawala wa Brandenburg, huko Ujerumani. Gemu linamwita hakushaku, sawasawa na "earl" yeyote wa Uingereza. Wanahistoria wa Kijapani humwita henkyōhaku, yaani hakushaku wa mpakani. Tena tangu 1356 sheria ilimtambua kuwa mmoja wa wale saba wanaomchagua mfalme wa Wajerumani, na hao wana neno lao, senteikō. Maneno yapo, kufungua kitabu ndiyo kazi?

Kwenye ardhi ndiyo wamenimaliza. Kila "duchy", yaani eneo la duke, ni kōkoku. Kōkoku ni nchi, ndiyo maana Monaco inaitwa hivyo. Cornwall ilikuwa nchi lini? Ni milki ya mrithi wa mfalme wa Uingereza tangu 1337, iko ndani ya ufalme uleule. Iiteni kōryō, yaani ardhi ya duke! Kwenye ramani yao inaonekana kama imejitenga.

Nimewaandikia, wamenijibu eti wamefuata kamusi. Kamusi ya nani? Nataka warekebishe au wanirudishie hela yangu. Aliyewahi kurudishiwa hela ya gemu anielekeze alipitia wapi.