Presha imepanda kwa ajili ya kazi, nidai ovataimu au ninyamaze?

Wakuu, naomba ushauri. Ni mhasibu kampuni moja ya usafirishaji hapa Dar. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa tatu usiku, Jumamosi pia, malipo ya saa za ziada (ovataimu) hakuna. Ukibeba begi mapema unaambiwa "wenzako bado wapo". Usingizi umekata, juzi daktari kanikuta na presha 160/100, na nina miaka 34 tu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, ovataimu ilipwe mara moja na nusu. Ila mkataba unaisha Desemba (hapo ndipo wanapotushikia). Aliyewahi kwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) akiwa bado kazini, ilikuwaje? Na ushahidi niuandaeje, maana daftari tunasaini kuingia tu, kutoka hatusaini.